Kubana Matumizi Bila Kugawana Mapato

Biashara ya soka ina tabia moja inayoitenga na karibu biashara nyingine zote, nayo ni kwamba klabu haiwezi kuuza bidhaa yake peke yake. Kiwanda cha sabuni kikimfilisi mshindani wake hubaki na soko lote, lakini klabu inayowazidi wenzake nguvu mpaka wakakata tamaa hujikuta haina mchezo wa kuuza, kwa sababu mtazamaji hulipa kiingilio au king'amuzi ili ashuhudie pambano ambalo mwisho wake haujulikani. Mwaka 1956 mchumi wa Marekani Simon Rottenberg, alipokuwa akichunguza soko la wachezaji wa besiboli, alieleza kuwa mashaka juu ya matokeo ndiyo yanayowavuta watu uwanjani, na mwaka 1964 mwenzake Walter Neale akatoa mfano wa bondia Joe Louis, ambaye hakuweza kujipatia kipato kikubwa bila kuwapo mpinzani wa kiwango cha Max Schmeling. Hali ya timu za ligi moja kukaribiana kwa uwezo, kiasi kwamba hakuna anayeweza kumtaja bingwa kabla msimu haujaanza, ndiyo wataalamu wanayoiita uwiano wa ushindani.

Uwiano huo ukitazamwa kwa macho ya takwimu za ligi kubwa za Ulaya, umedhoofika. Bayern Munich walitwaa ubingwa wa Ujerumani mara 11 mfululizo, kuanzia 2013 hadi 2023. Juventus waliushika ule wa Italia mara 9 mfululizo, kuanzia 2012 hadi 2020. Na Paris Saint-Germain, tangu iliponunuliwa na Qatar mwaka 2011, imeifanya Ligi Kuu ya Ufaransa kuwa kama mali yake. Hata England, ambako wengi huamini kuwa kila timu inaweza kumfunga yeyote, klabu zilizotwaa ubingwa kuanzia 2005 hadi 2025 ni tano tu, na Manchester City peke yao wamechukua mataji manne mfululizo kati ya 2021 na 2024, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika historia ya ligi hiyo.

Kiini cha hali hii hakina siri. Mchumi Stefan Szymanski na mwandishi Simon Kuper, katika kitabu chao Soccernomics, walionyesha kuwa matokeo yakichukuliwa kwa miaka mingi na siyo kwa msimu mmoja, tofauti za klabu katika kulipa mishahara zinaeleza takriban asilimia 90 ya tofauti za nafasi zao kwenye msimamo wa ligi. Kocha hodari, bahati na mbinu vina nafasi yake, na Leicester City walilithibitisha hilo walipotwaa ubingwa wa 2016 wakati wachezesha kamari walikuwa wamewapa uwezekano wa 1 kwa 5,000. Lakini msimu wa namna hiyo hukumbukwa kwa sababu ni nadra. Kwa kawaida anayelipa zaidi hupata wachezaji bora zaidi, na mwenye wachezaji bora hushinda.

Kama fedha ndizo zinazoamua nafasi, basi kila klabu ina kishawishi cha kutumia kuliko inavyopata, na kishawishi hicho ni kikali zaidi katika ligi ambazo timu hupanda na kushuka daraja. Anayepanda kwenda Ligi Kuu ya England huingia kwenye mapato ya televisheni ambayo daraja la chini halina mfano wake, na anayeshuka hupoteza sehemu kubwa ya mapato hayo huku mishahara mingi ya wachezaji wake ikibaki palepale. Ndiyo maana viongozi wa klabu, ambao nyumbani kwao na kwenye kampuni zao ni watu wa hesabu makini, hukopa na kusajili kana kwamba msimu ujao hautakuwapo. Leeds United walifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya mwaka 2001 wakiwa wamekopa kwa kutarajia kurudi huko kila mwaka. Waliposhindwa, waliuza kikosi kipande kwa kipande, wakashuka daraja 2004, na kufikia 2007 walikuwa wamefika daraja la tatu. Portsmouth walibeba Kombe la FA mwaka 2008, na Februari 2010 wakawa klabu ya kwanza ya Ligi Kuu ya England kuwekwa chini ya msimamizi wa mufilisi. Miaka mitatu baadaye walikuwa daraja la nne.

Bury inastahili kutajwa kwa kirefu kidogo. Klabu hiyo ndogo ya kaskazini mwa England, iliyoanzishwa 1885, ilitwaa Kombe la FA mara mbili, na katika fainali ya 1903 iliifunga Derby County mabao 6-0, rekodi ya fainali za kombe hilo ambayo hakuna aliyeifikia kwa zaidi ya miaka 100. Mwezi Mei 2019 Manchester City waliifikia rekodi hiyo kwa kuifunga Watford mabao 6-0. Mwezi huohuo Bury walikuwa wametoka kupanda kwenda daraja la tatu wakiwa na wachezaji ambao hawajalipwa mishahara yao, na Agosti 2019 wakafukuzwa kwenye ligi kwa kushindwa kuthibitisha kuwa wana fedha za kujiendesha. Mji mzima ulibaki bila timu yake ya ligi kwa kosa ambalo wakazi wake, waliokuwa wakilipa viingilio kila wiki, hawakulifanya.

Ilikuwa ni kwa ajili ya kuzuia vifo vya namna hiyo kwamba Shirikisho la Soka la Ulaya, UEFA, wakati huo likiongozwa na Michel Platini, lilianza kutunga kanuni za nidhamu ya fedha kati ya 2009 na 2010. Msingi wake ulikuwa mwepesi kueleweka: klabu inayotaka kucheza mashindano ya Ulaya isitumie kuliko inavyoingiza, isipokuwa kwa hasara ndogo inayovumilika, ambayo mwanzoni iliwekwa euro milioni 45 na baadaye euro milioni 30 kwa miaka mitatu, tena mwenye klabu awe tayari kuifidia kutoka mfukoni mwake. Matumizi ya ujenzi wa uwanja na malezi ya vijana hayakuhesabiwa, kwa kuwa hayo yalionekana kuwa uwekezaji. Upande wa kuzuia hasara kanuni zilifanya kazi yake, na haitakuwa haki kulificha hilo: klabu za daraja la juu za Ulaya, ambazo kwa pamoja zilipata hasara ya euro bilioni 1.7 mwaka 2011, zilipata faida ya takriban euro milioni 600 mwaka 2017, miaka michache kabla ya janga la korona kufunga viwanja.

Upande wa kuwaadhibu wakubwa kazi ilikuwa ngumu zaidi. Mwaka 2014 Manchester City na Paris Saint-Germain zilikubaliana na UEFA kulipa faini ya euro milioni 60 kila moja, ingawa milioni 40 kati ya hizo zilikuwa za masharti. Februari 2020 UEFA iliifungia City misimu miwili bila mashindano ya Ulaya na kuitoza faini ya euro milioni 30, lakini Julai mwaka huohuo Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ilifuta kifungo na kupunguza faini hadi euro milioni 10, ikisema baadhi ya tuhuma hazikuthibitishwa na nyingine zilikuwa zimepitwa na muda wa kushtakiwa. Mwaka 2022 UEFA ilibadili mkazo, ikaleta kipimo kipya kinachotazama gharama za kikosi, yaani mishahara ya wachezaji na makocha, gharama za usajili na malipo ya mawakala, ambazo zisizidi asilimia 90 ya mapato ya klabu katika mwaka wa kwanza, kisha asilimia 80, na hatimaye asilimia 70.

Ligi Kuu ya England ilitunga kanuni zake mwaka 2013, na kwa kuwa ndiyo ligi inayofuatiliwa zaidi na wasomaji wa Kiswahili, inafaa kuzitazama kwa karibu. Kanuni hizo za faida na uendelevu ziliruhusu klabu kupata hasara isiyozidi pauni milioni 105 kwa miaka mitatu, yaani milioni 35 kwa mwaka, na kiasi hicho hakikupandishwa tangu kiwekwe, ingawa bei za wachezaji zilipanda mno. Kwa kila mwaka ambao klabu ilikuwa daraja la chini, hasara iliyoruhusiwa ilikuwa pauni milioni 13 tu. Ni kwa hesabu hiyo kwamba Nottingham Forest, waliopanda 2022, walikuwa na ukomo wa pauni milioni 61, wakati wapinzani wao wengi walikuwa na 105. Wakauvuka kwa pauni milioni 34.5, na Machi 2024 wakakatwa pointi 4. Everton, ambao hasara yao ilifika pauni milioni 124.5, yaani milioni 19.5 juu ya ukomo, walikatwa pointi 10 mwezi Novemba 2023, zikapunguzwa hadi 6 baada ya rufaa, kisha wakakatwa 2 nyingine kwa kosa la kipindi kilichofuata. Mashabiki wa Dar es Salaam wanaikumbuka Everton hiyo, kwani Julai 2017 ilicheza na Gor Mahia ya Kenya kwenye Uwanja wa Taifa, na Wayne Rooney akafunga.

Ili kuelewa namna kanuni hizi zinavyoendesha usajili, ni lazima kujua jinsi mchezaji anavyoandikwa kwenye vitabu vya hesabu. Klabu ikimnunua mchezaji kwa pauni milioni 100 na kumpa mkataba wa miaka mitano, gharama hiyo haiandikwi yote mwaka wa kwanza, bali hugawanywa sawasawa katika miaka ya mkataba, hivyo kila mwaka vitabu vinaonyesha pauni milioni 20. Baada ya miaka miwili thamani ya mchezaji huyo kwenye vitabu inakuwa milioni 60, na akiuzwa kwa milioni 70 klabu inaandika faida ya milioni 10 mara moja, ingawa kila mtu anajua ilimnunua kwa 100. Mchezaji aliyelelewa na klabu tangu utotoni, kwa upande mwingine, hana thamani yoyote kwenye vitabu kwa sababu hakununuliwa, kwa hiyo akiuzwa, karibu kila senti ya bei yake huhesabiwa kuwa faida.

Kutokana na hesabu hiyo kumezaliwa tabia mbili ambazo watunga kanuni hawakuzikusudia. Ya kwanza ni mikataba mirefu: Chelsea, baada ya kununuliwa na wamiliki wapya mwaka 2022, waliwasajili Mykhailo Mudryk na Enzo Fernández mapema 2023 kwa mikataba ya miaka minane na nusu kila mmoja, ili gharama ya kila mwaka ionekane ndogo, mpaka UEFA na kisha Ligi Kuu ya England zikaweka ukomo wa kugawanya gharama kwa miaka mitano tu. Ya pili, ambayo inaumiza zaidi, ni kuuzwa kwa vijana wa nyumbani. Mwisho wa mwaka wa hesabu kwa klabu nyingi za England ni Juni 30, na siku za mwisho za Juni 2024 zilishuhudia klabu zikibadilishana chipukizi kwa kasi isiyo ya kawaida: Newcastle United waliwauza Yankuba Minteh kwa Brighton na Elliot Anderson, kijana aliyelelewa na klabu hiyohiyo, kwa Nottingham Forest, Chelsea waliwapa Aston Villa Ian Maatsen na kumchukua Omari Kellyman, Villa na Everton nao wakabadilishana Tim Iroegbunam na Lewis Dobbin. Mtoto aliyekulia mtaa mmoja na uwanja, ambaye mashabiki humwona kuwa damu yao, amekuwa bidhaa ya kwanza kufikiriwa pale hesabu zinapobana, na hilo ni jambo la kusikitisha katika mchezo unaojivunia kulea vipaji.

Kesi ya Nottingham Forest inaonyesha ukali wa tarehe hiyo ya Juni 30. Klabu ilikuwa na mchezaji iliyemlea yenyewe, Brennan Johnson, ambaye bei yake ingetosha kuziba pengo lote la hesabu. Ilikataa dau dogo lililokuja mapema, ikasubiri, na Septemba 1, 2023, siku ya kufungwa kwa dirisha la usajili, ikamuuza kwa Tottenham kwa takriban pauni milioni 47.5. Kibiashara huo ulikuwa uamuzi wa busara, kwani klabu ilipata fedha nyingi zaidi kuliko ambazo ingepata Juni. Kwa mujibu wa kanuni, mauzo hayo yalichelewa kwa miezi miwili na hayakuhesabiwa katika kipindi kilichokuwa kikichunguzwa. Tume iliyosikiliza shauri ilishikilia kuwa Forest walijua tarehe na waliamua kubahatisha, na kwa maandishi ya kanuni tume haikukosea. Hata hivyo, kanuni inayomsukuma mdogo amuuze kijana wake kwa bei ya hasara ili atimize tarehe, huku mnunuzi akiwa klabu tajiri inayoijua tarehe hiyohiyo, haiwezi kudai kwamba inalinda ushindani.

Wakubwa wana njia nyingine. Chelsea waliziuza hoteli mbili zilizo kwenye eneo la uwanja wao kwa pauni milioni 76.5, na baadaye wakaiuza timu yao ya wanawake, kwa kampuni za mmiliki yuleyule, na faida iliyoandikwa kwenye vitabu ikawasaidia kutimiza kanuni za England, ambazo hazikuwa na kifungu cha kuizuia. UEFA haikuyakubali mauzo ya ndani ya nyumba moja, na Julai 2025 iliitoza klabu hiyo faini ya euro milioni 31. Manchester City nao walifunguliwa mashtaka na Ligi Kuu ya England mwezi Februari 2023, zaidi ya 100 kwa idadi, yanayohusu taarifa za fedha za misimu iliyoanzia 2009, mashtaka ambayo klabu imeyakanusha na ambayo kusikilizwa kwake kulianza Septemba 2024. Everton na Forest walihukumiwa na kutumikia adhabu zao ndani ya msimu mmoja. Shauri la City lilichukua mwaka mmoja na nusu kufika tu mbele ya wasikilizaji. Liwe na mwisho gani, tofauti hiyo ya kasi imewafanya mashabiki wa klabu ndogo wapoteze imani, na malalamiko yao yana msingi.

Tatizo kubwa zaidi, hata hivyo, haliko kwenye mianya bali liko kwenye kiini cha kanuni zenyewe. Kanuni inayosema kila klabu itumie kulingana na mapato yake humruhusu mwenye mapato makubwa kutumia sana na kumlazimisha mwenye mapato madogo kutumia kidogo, na kwa kuwa matumizi ndiyo yanayoleta nafasi, na nafasi ndiyo inayoleta mapato, mzunguko huo hauna mlango wa kuingilia. Kabla ya kanuni, klabu iliweza kupanda kwa fedha za tajiri: Chelsea walinunuliwa na Roman Abramovich mwaka 2003 na kutwaa ubingwa 2005 na 2006, na Manchester City walinunuliwa na Sheikh Mansour wa Abu Dhabi mwaka 2008 na kuwa mabingwa 2012. Newcastle United walipochukuliwa Oktoba 2021 na kundi linaloongozwa na Mfuko wa Uwekezaji wa Umma wa Saudi Arabia, mmoja wa mifuko mikubwa duniani, mashabiki walitarajia njia ileile, lakini walikuta imefungwa, na hata mikataba ya udhamini na kampuni za mmiliki sasa ni lazima ipimwe kama inalingana na bei halisi ya sokoni. Wachumi Thomas Peeters na Szymanski waliandika mwaka 2014 kwamba kanuni za UEFA zingepunguza mishahara huku zikiimarisha nafasi za klabu kongwe, na yaliyofuata hayajawakanusha. Kufunga njia hiyo kuna uhalali wake, kwa maana fedha za taifa zima kushindana na fedha za viingilio siyo uwiano pia. Kasoro ni kuifunga bila kufungua nyingine.

Ujerumani inathibitisha jambo hilo kwa upande wa umiliki. Tangu 1998 klabu za huko zinaongozwa na kanuni ya asilimia 50 na kura moja, inayotaka wanachama wabaki na wingi wa kura hata mwekezaji akileta fedha nyingi, isipokuwa klabu chache kama Bayer Leverkusen na Wolfsburg zilizoanzia ndani ya kampuni. Kanuni hiyo imelinda bei za viingilio, imewapa mashabiki sauti na imeepusha viwanja vitupu. Haikuzuia Bayern kutawala miaka 11, na pale utawala huo ulipovunjwa, mwaka 2024, aliyeuvunja alikuwa Leverkusen, mmoja wa wale waliosamehewa kanuni yenyewe.

Hispania ilichukua njia kali zaidi, ambapo ligi huipangia kila klabu ukomo wa gharama za kikosi kabla msimu haujaanza, na mchezaji anayeuvuka haandikishwi. Ukali huo ulimgusa hata Lionel Messi, ambaye Agosti 2021 aliondoka Barcelona akilia kwa sababu klabu, iliyolemewa na madeni, haikuweza kumwandikisha. Mwezi uliofuata ukomo wake ulitangazwa kuwa euro milioni 97.9, wakati wa Real Madrid ulikuwa milioni 739. Tarakimu hizo mbili zinatosha kuonyesha kuwa nidhamu na usawa ni vitu viwili tofauti: kanuni ilitekelezwa bila upendeleo, lakini mshindani mmoja alipewa zaidi ya mara saba ya mwenzake.

Marekani inafanya kinyume chake, kwa kuweka ukomo wa mishahara ulio sawa kwa timu zote, kama ligi ya soka la Kimarekani ilivyofanya tangu 1994, na kumpa aliyeshika mkia nafasi ya kwanza ya kuchagua vijana wapya. Mfumo huo huleta mabingwa tofauti, lakini umesimama juu ya ligi zisizoshusha daraja, ambazo wamiliki wake ni washirika wa biashara moja, na usingehamia kirahisi Ulaya, ambako mchezaji bora angevuka mpaka kwenda ligi isiyo na ukomo. Novemba 2025 klabu za Ligi Kuu ya England zilipiga kura kuachana na hesabu ya hasara ya pauni milioni 105 kuanzia msimu wa 2026/27 na kuleta ukomo wa gharama za kikosi wa asilimia 85 ya mapato. Pendekezo la kumfungia kila mmoja kwenye kiwango kimoja, kinachotokana na mapato ya klabu inayoshika mkia, lilikataliwa. Kilichokubaliwa ni ukomo unaokua pamoja na utajiri wa klabu, na kilichokataliwa ndicho pekee ambacho kingemgusa aliye juu.

Kinacholeta uwiano, pale ulipopatikana, ni mgawanyo wa mapato. England imebaki na ligi yenye ushindani kuliko jirani zake kwa sababu tangu 1992 haki za matangazo huuzwa kwa pamoja, na nusu ya fedha za ndani hugawanywa sawasawa, robo kwa nafasi kwenye msimamo na robo kwa idadi ya mechi zinazoonyeshwa. Hispania iliwaacha Real Madrid na Barcelona kujiuzia wenyewe hadi sheria ya 2015 ilipolazimisha mauzo ya pamoja, na athari za miaka hiyo hazijafutika. Hata England yenyewe mgawanyo huo hupungua sana kwenye mpaka wa daraja, na matokeo yake yanaonekana wazi: timu zote tatu zilizopanda mwaka 2023 zilishuka 2024, na zote tatu zilizopanda 2024 zilishuka 2025. Juu ya hayo zipo fedha za Ligi ya Mabingwa Ulaya, ambazo huingia kwenye klabu zilezile kila mwaka na kuirudisha nyuma kazi yote ya mgawanyo wa nyumbani.

Kwa msomaji wa Tanzania, mjadala huu hauko mbali. Tangu Mtibwa Sugar walipotwaa ubingwa mwaka 1999 na 2000, ni klabu moja tu nje ya Simba na Yanga, yaani Azam FC msimu wa 2013/14, iliyobeba taji hadi kufikia 2025. Simba walilichukua mara nne mfululizo kuanzia 2018, kisha Yanga mara nne mfululizo kuanzia 2022. Zamani zile Tukuyu Stars ya Mbeya ilikuwa bingwa mwaka 1986 na Coastal Union ya Tanga mwaka 1988, jambo ambalo kijana wa leo wa Tanga anaweza kulidhania kuwa hadithi. Serikali iliweka kanuni inayofanana na ile ya Ujerumani, kwamba wanachama wabaki na asilimia 51 na wawekezaji wasizidi 49, na ni ndani ya kanuni hiyo ndipo ulipoingia uwekezaji wa mfanyabiashara Mohammed Dewji, aliyeahidi Simba Sh bilioni 20. Kanuni hiyo inalinda umiliki. Haisemi lolote kuhusu kiasi gani kitumike kwa mishahara wala mapato yagawanywe vipi.

Udhaifu wa klabu za ukanda huu kutegemea mfuko mmoja ulionekana mwaka 2019, pale kampuni ya kamari ya SportPesa ilipositisha udhamini wake Kenya katikati ya mgogoro wa leseni na kodi, na Gor Mahia na AFC Leopards zikabaki bila mdhamini mkuu. Tanzania ina bahati ya kuwa na mkataba wa matangazo wa miaka 10 na Azam Media, uliosainiwa 2021 kwa Sh bilioni 225.6, ambao unauzwa kwa pamoja na kwa hiyo unatoa nafasi ya kupanga mgawanyo kabla wakubwa hawajazoea kujichukulia. Nafasi hiyo isipotumika sasa itakuwa vigumu kuirudisha mkataba ukifika mwisho, kwa sababu aliyezoea fungu kubwa hakubali kupunguziwa.

Masharti ya leseni ya klabu ya Shirikisho la Soka Afrika tayari yanadai hesabu za fedha kwa klabu zinazocheza mashindano ya bara, na FIFA imewahi kuzifungia klabu za Tanzania kusajili kwa sababu ya madai ya wachezaji na makocha ambao hawakulipwa. Wachezaji wengi wa klabu za mikoani, ambao madai yao hayafiki FIFA, hawana ulinzi huo. Shirikisho la Soka Tanzania na Bodi ya Ligi hawahitaji kunakili hesabu za pauni milioni 105 ili kuanza kazi: wazitake klabu zote za Ligi Kuu kuchapisha hesabu zilizokaguliwa kila mwaka, wasiipe leseni klabu inayodaiwa mishahara ya msimu uliopita, na waongeze sehemu ya fedha za televisheni inayogawanywa sawasawa kwa timu zote 16. Wanachama wa Simba na Yanga, ambao kwa kanuni ndio wenye asilimia 51, nao wana haki ya kuziona hesabu hizo kwenye mkutano mkuu, na wanapaswa kuzidai.